Mama wa Ukaguzi

Tegeni masikio, na mwenye nta aitoe kwanza, maana haya sitayarudia. Ilikuwako nchi ikiitwa Shwarini. Kwenye ramani haimo, msijisumbue. Watu wake walipenda utulivu kuliko chakula, na ilikuwa bahati yao, kwa sababu utulivu ulipatikana.

Basi siku ya Sikukuu ya Utulivu, Mtukufu Kiongozi yuko katikati ya hotuba, mzee mmoja ambaye akili zilikuwa zimeanza kumparaganyika akapanda jukwaani, akamshika Mtukufu mkono kama mtu aliyemwona mtoto wa jirani, akamwuliza, "We Kibyongo, yule mbuzi wa baba yangu uliyemwiba, mlimla au mlimwuza?" Mtukufu alicheka, maana kamera zilikuwa zinamtazama. Kesho yake ikatoka amri: wazee wote wa namna ile wawekwe vituoni, na vituo viwekewe kanuni.

Zikaandikwa kanuni, na kanuni zilikuwa tamu kusikia. Mapazia yawe rangi ya maziwa, yasiburuzike sakafuni wala yasiwe juu kama suruali ya mtu avukaye mto. Picha ya Mtukufu itundikwe mahali ambapo mzee akilala chali anaiona, na akigeukia ukutani anaikuta nyingine. Uji uwe moto mbele ya mkaguzi. Mzee asilie mbele ya mgeni. Tena ilikatazwa kusema fulani amechanganyikiwa. Ulitakiwa useme akili yake iko safarini, na siku mzee akimtambua ndugu yake, basi akili imerejea, na mzee anakabidhiwa kwa jamaa papo hapo. Ila haikuandikwa kanuni ya nani atamwosha mzee aliyejikojolea, wala nani atakaa naye anapoogopa kivuli chake mwenyewe. Hizo zilisemwa kuwa zitakuja baada ya mapazia.

Aliyeandika yote hayo ni Bwana Chande Makorongo, Mkaguzi Mkuu wa Vituo, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuwa mtu mbaya. Shwarini haikuwa na watu wabaya, ilikuwa na watu wenye kazi nyingi.

Mama yake, Bi Mize, alimlea peke yake, na alikuwa na desturi yake moja. Kila asubuhi alisimama kwenye kizingiti akakagua masikio. Hakuna mtoto aliyetoka kwenda shule bila kuvutwa sikio la kulia, likageuzwa kwenye mwanga, kisha la kushoto. Likiwa na uchafu alilowesha ncha ya kanga kwa mate akalisugua mpaka likawa jekundu kama nyanya. Akisema "Safi," umepita. Akisema "Chafu," hupiti hata kengele ya shule ikikatika. Watoto wa majirani nao walikuja kujipanga foleni, kwa sababu baada ya sikio kulikuwa na kipande cha muhogo.

Uzeeni akili ya Bi Mize ikashika safari. Akabandika sufuria tupu jikoni mpaka ikatoboka. Akatoka barabarani na shumizi. Akamwita mkwewe, Zamda, mwizi wa vijiko. Chande akampeleka kituo cha Faraja Tele, akamwambia pale mlangoni, "Ni wiki moja tu, mama. Nakipaka rangi chumba chako. Ikikauka naja kukuchukua."

"Rangi gani?"

"Kijani, mama. Si ndiyo unayoipenda?"

"Basi usipake kwa pupa," akasema Bi Mize. "Ukipaka kwa pupa itaonyesha michirizi."

Mkebe wa rangi hakuununua. Chumba kile kilikuwa na dirisha la mashariki, chenye hewa, na Chande alikuwa hana ofisi nyumbani. Akaingiza meza. Na humo ndani, jua la asubuhi likimpiga mgongoni, akaandika kanuni isemayo kwamba chumba cha mzee lazima kiwe na dirisha la mashariki. Akaandika na kingine, Kifungu cha Upendeleo: mkaguzi asikanyage kituo alimo mzazi wake, asije akakipendelea. Alipokimaliza kifungu hicho alishusha pumzi ndefu, akaagiza chai. Toka hapo kila Zamda alipouliza, "Mama umemwona lini?" alijibu, "Sheria inanikataza, mke wangu," na huzuni yake ilikuwa nzuri kuitazama.

Lakini jambo moja lilimtokea, hakumwambia mtu. Kila akinawa uso asubuhi, maji yakikaribia masikio, mkono ulirudi wenyewe.

*

Ukaguzi wa Shwarini ulikuwa na adabu zake. Mkaguzi hakumvamia mtu. Lilitangulia gari la vipaza sauti, likafuata kundi la matarumbeta, ati wazee wasishtuke. Toka tarumbeta la kwanza kusikika mpaka mkaguzi kushuka garini, kituo kilipata nafasi nzuri ya kuwatoa wazee wake na kuweka wengine.

Wale wengine waliitwa wazee wa ukaguzi. Walikuwa mabibi na mababu wa mtaani, akili zao timamu, wamekoga, wamepaka mafuta ya nazi. Walikuja kulala vitandani kutwa nzima, wakatabasamu, wakasifu uji, jioni wakarudi kwao na sukari na mche wa sabuni. Kila mtu alijua, na Chande alijua. Kulikuwa na babu mmoja mwenye jino la dhahabu ambaye Chande alimkuta kila kituo na kila mara ana jina jipya, na kila mara alimpa mkono akampongeza kwa kunawiri. Babu naye alikuwa mtu wa heshima, hakuonyesha hata siku moja kwamba wanafahamiana.

Mwaka huo Waziri wa Wazee na Utulivu, Mheshimiwa Ngwamba, akaja na kombe. Kombe kubwa, lenye masikio mawili, la kituo bora nchini. Akasema atakwenda mwenyewe kukagua Faraja Tele.

"Na wewe Makorongo utafuatana nami."

"Mheshimiwa, kile Kifungu cha Upendeleo..."

"Kifungu kesho kitapumzika," akasema Waziri. "Hata vifungu huchoka, ndugu yangu."

Wakaenda. Matarumbeta yalipiga mpaka majani yakaanguka mitini. Msimamizi wa kituo, Bi Siwatu, mwanamke mnene mwenye macho ya mtu asiyelala, aliwapokea getini kwa hotuba. "Mheshimiwa Waziri, hapa kwetu mzee ni dhahabu, na dhahabu haiachwi mvuani! Karibuni mwone mapazia!"

Wakaona mapazia. Waziri aliyapima kwa kiganja, akaridhika. Wakaona uji, ulikuwa unatoa moshi. Babu wa jino la dhahabu alikuwa kitanda cha kwanza, akapewa mkono. Wakasogea, wakasogea, mpaka kitanda kilichoandikwa ubaoni Bi Mize.

Chande akaona kanga. Ilikuwa ile aliyomnunulia mama yake mwenyewe, nyekundu na nyeupe, imeandikwa *Uchungu wa mwana aujuaye mzazi*. Akainua macho kutoka kwenye kanga akatafuta uso, na uso haukuwa wa mama yake. Alikuwa bibi mwingine, mwembamba, ana vishimo mashavuni, ameketi wima kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Bibi," Waziri akanguruma, na watu wa redio wakasogeza vinasa sauti vyao, "unamjua huyu niliyesimama naye?"

Yule bibi alimtazama Chande kuanzia viatu mpaka kichwa. Jina lake lilikuwa Bi Somoe, na katika kazi ile hapakuwa na fundi kumzidi. Bi Siwatu alikuwa amemnong'oneza asubuhi kwamba mtoto wa kitanda hicho ni mkaguzi.

"Simjui mwanangu?" akasema, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. "Chande wangu! Njoo nikuone. Umekonda. Watu wananiambia Chande kakutupa, nawaambia ana kazi za watu huyo, mwacheni. Sina kinyongo nawe, baba. Sina kinyongo hata chembe."

Chande akafungua mdomo. Alitaka kusema, Huyu si mama yangu. Neno lilikuwa fupi. Lakini akiling'oa hilo, yatang'oka na mapazia, na babu wa jino la dhahabu, na kanuni zote alizoziandika kwa mwandiko mzuri. Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba lile neno, sina kinyongo nawe, alikuwa analitamani kama mwenye homa anavyotamani ndimu, na sasa amepewa, tena bure, tena mbele ya redio.

Papo hapo ikasikika sauti kutoka nyuma ya jengo, kwenye stoo ya kuni, sauti ya mwanamke mzee inaamrisha: "La kulia! Geuka! La kushoto! Chafu! Nani kasema upite?"

"Nini hiyo?" akauliza Waziri.

"Redio, Mheshimiwa," akasema Bi Siwatu. "Kipindi cha usafi." Akawapungia mkono wapiga matarumbeta, wakapuliza mpaka mishipa ikawatoka shingoni.

Na katikati ya kelele zile Chande akainama, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Somoe.

Waziri akatoa leso, akajifuta macho, akapandisha sauti. "Mmeona wenyewe! Akili imerejea! Hii ndiyo Shwarini! Kwa mujibu wa kanuni, mama huyu anakabidhiwa kwa mwanawe sasa hivi!" Akageukia hadhira. "Leteni gari!"

Bi Somoe akamvuta Chande shati, akamnong'oneza, "Bwana mkaguzi, kazi hii inaisha saa ngapi? Nimeacha maharage jikoni."

*

Zamda alifungua mlango akakuta mumewe, bibi asiyemjua, Waziri, na tarumbeta moja lililokosa nafasi ya kugeuza.

"Huyu nani?"

"Mama," akasema Chande.

"Mama gani?"

Chande akatazama nyuma, Waziri anatabasamu. "Mama... aliyetambuliwa na serikali."

"Mkamwana," akasema Bi Somoe, naye kazi ni kazi, "nipishe nikae. Na vijiko vyako usinifiche, nimeambiwa tuna kesi."

Watu wa redio walitaka kuona chumba cha mama. Meza ikatolewa, makabati yakatolewa, kitanda kikaingizwa na shuka la maua. Walipoondoka wote, Zamda akasimama katikati ya chumba kile, jua linaingia vizuri.

"Kumbe kinahamika," akasema.

Chande akanyoosha shuka la maua.

"Nimesema kumbe kinahamika, baba Faki. Kwa huyu tusiyemjua kimehamika hata chai haijachemka."

Bi Somoe hakuweza kurudi kwake, kwa sababu kila alipotoka nje watu walimwimbia. Akakaa. Alikuwa mwema sana, na hilo ndilo lililomwua Chande. Alimwuliza ameshindaje. Alimsifu. Alikumbuka jina lake kila siku. Siku moja Chande anakunywa chai, Bi Somoe akaweka kikombe chini akasema, "Bwana mkaguzi, nikwambie au ninyamaze?"

"Sema, mama. Samahani, Bi Somoe."

"Mama yako ndiye aliyenifunga hii kanga. Walimvua wao, lakini alipoona inakwenda kwa mtu akasema, subirini nimfunge vizuri. Kabla hajanifunga akanivuta sikio, akalitazama. Akaniambia, safi, unaweza kwenda kumwona mwanangu." Akakivuta tena kikombe chake. "Nimekaa vitanda vingi mimi. Hicho nilikikalia vibaya."

*

Chande akaenda Faraja Tele bila gari la vipaza sauti wala tarumbeta. Bi Siwatu alimkuta getini, akashtuka kama aliyeona nyoka kwenye ndoo.

"Nimekuja kumchukua mama."

"Mama yupi tena? Si tulikukabidhi?"

"Yule si mama yangu, na wewe unajua."

"Mimi najua, wewe unajua, na matarumbeta yanajua," akasema Bi Siwatu. "Lakini ulimwamkia mbele ya Waziri, akaitikia. Mtu hawezi kuwa na mama wawili, Bwana Makorongo. Ukimtaka huyu, nenda redioni ukamkatae yule."

Chande akatazama viatu vyake.

"Aa," akasema Bi Siwatu, taratibu. "Haya. Nilidhani umekuja kusema." Akaketi juu ya jiwe, mwanamke yule, kama aliyekatwa miguu. "Unajua nilikuwa na wasichana wanne hapa? Wakiwaogesha, wakiwakata kucha, mmoja alikuwa anawaimbia. Yakaja mapazia yako. Kituo kisicho na mapazia kifungwe, uliandika. Nikawaachisha wale wasichana nikanunua mapazia. Usinitazame hivyo. Na mimi nilikuwa mtu."

Wakaenda stoo. Wazee walikuwa wameketi juu ya magogo, wamejipanga foleni, wengine wameloa. Mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Bi Mize, amepungua, amevaa gunia lililokatwa mikono, na bado mgongo wake umenyooka.

Chande akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi, Chande."

Bi Mize akamtazama kwa upole ambao watu huwapa wageni. "Chande hawezi kuja leo," akasema. "Anapaka rangi. Nilimwambia asipake kwa pupa."

Chande akalia, naye ameandika kwa mkono wake kwamba ni marufuku. Kisha akambeba mama yake mgongoni, kama alivyobebwa yeye alipokuwa na surua. Mlinzi wa geti akajitokeza. "Bwana mkaguzi, mzee hatoki bila hati."

"Huyu hayupo," akasema Bi Siwatu kutoka nyuma. "Kwa serikali alishatoka. Sheria gani inamzuia mtu asiyekuwepo?"

Mlinzi akafikiri, akasogeza geti. "Kweli, bwana. Mimi sioni mtu. Piteni."

Basi, wamekwisha kupita, mzee mmoja akawa ameinuka kwenye gogo lake akaja mpaka kwenye waya wa uzio. "Bwana," akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye adabu. "Na mimi je? Nani aseme kwamba sipo?"

Chande alisikia. Alikuwa na mama mgongoni, na jua lilikuwa kali. Akatembea.

*

Wakawa mabibi wawili chumba kimoja, wa serikali na wa tumboni, wakapatana kama chumvi na mchuzi. Bi Mize hakumjua Chande. Alitazama zile kuta zilizobanduka rangi akauliza, "Fundi yuko wapi? Mwanangu aliniambia kuna fundi." Chande akatoka, akanunua mkebe wa rangi ya kijani na brashi, akavua shati la mikunjo. Jioni akitoka kazini alipaka. Alipaka taratibu, isije ikaonyesha michirizi.

"Fundi," Bi Mize alikuwa akimwambia, "ukimaliza mwite mwanangu aje anichukue. Amesema ikikauka."

"Sawa, mama."

Kwa hiyo hakumaliza. Akifika pembe ya mwisho aliona mahali palipokwenda vibaya, akaanza upya. Bi Somoe aliona, akanyamaza. Zamda aliona, akaongeza mkebe wa pili. Na kuhusu ile stoo ya kuni, Chande aliandika taarifa nzuri kichwani mwake kila siku, na kila siku akaiacha humo humo.

Kombe wakapewa nani? Faraja Tele, bila shaka. Siku ya kulikabidhi, Mkaguzi Mkuu ndiye aliyepangiwa kulishika, akimkabidhi Bi Siwatu, Bi Somoe akiwa pembeni yake kama ushahidi. Gari likaja. Wapiga matarumbeta na watu wa redio wakajipanga nje ya nyumba. Waziri akateremsha kioo akapunga mkono.

Chande akavaa shati, akafika mlangoni, akakuta kizingiti kimeshikwa. Bi Mize amesimama, mkono mmoja kiunoni. Bi Somoe alikuwa mbele ya foleni. Akageuzwa kulia, akageuzwa kushoto.

"Safi," akasema Bi Mize. "Pita. Wewe fundi, njoo."

"Mama, nimechelewa."

"Nimesema njoo."

Akainama, mtu mzima, mvi kichwani. Vidole vikamshika sikio la kulia, vikaligeuza kwenye mwanga wa asubuhi. Bi Mize akalitazama sana. Akalitazama la kushoto.

"Chafu," akasema. "Chafu kabisa. Hili haliwezi kusikia mtu akikuita. Huendi popote."

Honi ikalia. Bi Somoe akarudi ndani akaketi, akakunja mikono. "Na mimi siendi," akasema. "Nani anataka kukaa pale tena?"

Dereva akaja mpaka barazani. "Bwana mkaguzi, Mheshimiwa anauliza kuna nini."

Chande akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa analowesha ncha ya kanga kwa mate. Akapandisha sauti ili ifike garini, kwenye redio, na kwa wapiga matarumbeta wote.

"Mwambie Waziri nimekaguliwa, nimeshindwa. Na mwambie bibi aliyemwona si mama yangu. Mama yangu ni huyu. Wenziwe wako stoo ya kuni, waulizwe majina."

Nje kukawa kimya, na kimya hicho hakikuwa cha Sikukuu. Tarumbeta moja, ambalo halikusikia vizuri, likaendelea kidogo, kisha nalo likakoma.

"Tulia, fundi," akasema Bi Mize, akaanza kusugua. "Unatikisika. Mwanangu mwenyewe alikuwa hatikisiki hivi."